Kuirekebisha Bastola ya Nusu-Otomatiki kwa Mashindano ya Shabaha na kwa Uwindaji

Bastola ya nusu-otomatiki hutoka kiwandani ikiwa imetengenezwa ili imfae kila mtu kwa kiasi, na kwa sababu hiyo ni nadra kumfaa mtu mmoja kikamilifu. Vilengeo vyake mara nyingi ni vidogo ili visinase kwenye nguo, kifyatulio chake ni kizito ili kiwe salama mikononi mwa yeyote, na mpini wake umekatwa kwa kipimo cha mkono wa wastani ambao huenda si wako. Kuirekebisha ni kuiondoa katika hali hiyo ya kumfaa kila mtu na kuielekeza kwenye kazi maalumu. Wanaoanza kazi hii wengi hukimbilia mtutu mpya na kifyatulio chepesi, ilhali vinavyoharibu shabaha zao mara nyingi ni vilengeo wasivyoviona vizuri na mpini usiokaa mkononi. Kwa hiyo utaratibu unaopendekezwa hapa unaanza na kile ambacho jicho linaona na mkono unashika, unafuata risasi na springi, na unaacha kifyatulio na mtutu mwisho. Kila badiliko linapimwa peke yake kabla ya jingine kuguswa.

Sheria na kanuni kwanza

Kabla ya kununua hata skrubu moja, soma sheria ya silaha na sheria ya uwindaji ya mahali utakapoitumia bastola hiyo, kwa sababu tofauti ni kubwa mno. Nchini Ujerumani, kwa mfano, sheria ya uwindaji hairuhusu bastola kutumika dhidi ya wanyama isipokuwa katika uwindaji wa mitego, uwindaji wa wanyama walio mashimoni mwao, na risasi ya kummaliza mnyama aliyekwisha kujeruhiwa, ambayo nishati yake mdomoni mwa mtutu haipaswi kupungua jouli 200. Nchini Marekani kila jimbo lina masharti yake kuhusu kaliba (kipimo cha risasi na tundu la mtutu), urefu wa mtutu na idadi ya risasi katika magazini (kisanduku cha risasi kinachoingizwa kwenye mpini). Kuna nchi ambako kuwinda kwa bastola hakuruhusiwi kabisa, na huko bastola yako ibaki ya uwanja wa shabaha tu. Angalia pia ni marekebisho gani mwenye leseni anaruhusiwa kuyafanya mwenyewe na yapi lazima yafanywe na fundi wa silaha aliyesajiliwa, kwa kuwa katika nchi nyingi mtutu na slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayosogea nyuma na mbele inapofyatuliwa) huhesabiwa kuwa sehemu zinazohitaji kibali.

Michezo nayo ina kanuni zake. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Kulenga Shabaha, ISSF, linataka bastola ya mashindano ya mita 25 isizidi gramu 1,400, mtutu wake usizidi milimita 153, na kifyatulio chake kisiachie chini ya uzito wa gramu 1,000. Vilengeo lazima viwe vya wazi, na vipunguza mshtuko vya mdomoni, vinavyoelekeza gesi ili bastola isiruke, pamoja na mitutu yenye matundu haviruhusiwi. Mtu aliyefunga kilengeo cha nukta nyekundu, yaani kioo kidogo kinachoonyesha nukta ya mwanga, na kipunguza mshtuko kwa ajili ya kuwinda atakataliwa kwenye meza ya ukaguzi wa mashindano hayo, hata kama bastola yake inapiga vizuri kiasi gani. Ndiyo maana uamuzi wa kazi hutangulia uamuzi wa vifaa.

Ikiwa unaweza kumiliki bastola mbili, tenganisha kazi hizi mbili. Kwa shabaha, bastola ya kaliba .22 LR ambayo mtutu wake umefungwa imara kwenye mwili, kama zilivyo Ruger za Mark au Smith & Wesson Model 41, ina faida ya asili kwa sababu mtutu hausogei katika mzunguko wa kufyatua, na inafaa pia kwa wanyama wadogo pale sheria inaporuhusu. Kwa wanyama wakubwa zaidi, wengi huchagua kaliba ya 10mm Auto. Ikiwa ni bastola moja tu ya kufanya kazi zote mbili, ushauri wangu hauna shaka: elekeza kila uamuzi upande wa uwindaji. Kosa uwanjani hugharimu alama. Kosa porini humwacha mnyama akifa polepole kichakani, na hakuna mwindaji mwenye heshima anayekubali hilo kwa ajili ya kifyatulio kitamu zaidi.

Pima hali ya sasa

Huwezi kujua kama umeboresha kitu ambacho hukukipima. Nenda kwenye uwanja wa kulengea, weka mkono na fremu (mwili) ya bastola juu ya mfuko wa mchanga bila mtutu kugusa chochote, na piga mikupuo mitano ya risasi tano tano kwa umbali wa mita 25, kila mkupuo kwenye karatasi yake. Pima umbali kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi katika kila karatasi, kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine, kisha tafuta wastani. Mkupuo mmoja mzuri hauthibitishi kitu, na mmoja mbaya pia hauthibitishi. Andika aina ya risasi, hali ya hewa, na kama kuna risasi iliyokwama. Rudia mikupuo hiyo ukiwa umesimama bila kuegemea. Tofauti kati ya matokeo haya mawili itakuambia mengi: ikiwa bastola iliyoegemezwa inapiga ndani ya milimita 60 nawe ukisimama unapiga ndani ya milimita 200, fedha za mtutu mpya zitakuwa zimepotea, kwani kinachohitaji kurekebishwa ni mpini, vilengeo, kifyatulio na mazoezi yako.

Kila mara kabla ya kuishika bastola kwa kazi yoyote ya mezani, toa magazini kwanza, kisha vuta slaidi nyuma, angalia chemba (mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu) kwa jicho na uiguse kwa kidole, na uziweke risasi zote katika chumba kingine. Mpangilio huo ni wa lazima, kwa sababu anayevuta slaidi kabla ya kutoa magazini hupakia risasi nyingine chembani bila kujua.

Mpini

Mpini mzuri huileta bastola mahali pamoja kila inaposhikwa. Kuna jaribio rahisi la kuupima: ukiwa na bastola tupu iliyokaguliwa, simama kama unavyosimama uwanjani, fumba macho, inua bastola kuelekea shabaha mpaka mkono utulie, kisha fumbua macho. Ikiwa kilengeo cha mbele kinaonekana upande wa kushoto wa pengo la nyuma kila unaporudia, mpini unaupeleka mtutu kushoto. Ikiwa kinazama chini ya pengo, pembe au unene wa nyuma ya mpini haukufai. Rudia mara nyingi kabla ya kuamua, kwa sababu mara ya kwanza misuli huwa bado haijatulia.

Bastola nyingi za kisasa zenye fremu ya plastiki huja na migongo ya mpini inayobadilishwa, na hilo linatosha kwa watu wengi. Za chuma, kama M1911, bastola ya zamani ya jeshi la Marekani, hubadilishiwa vibao vya pembeni na sehemu ya nyuma iliyo bapa au iliyopinda. Chagua unene unaoruhusu katikati ya pingili ya kwanza ya kidole cha shahada kukaa juu ya kifyatulio, huku sehemu iliyobaki ya kidole ikiwa haigusi fremu, maana kidole kinachosuguana na fremu huisukuma bastola upande kabla risasi haijatoka. Kwa mashindano ya shabaha ya taratibu, mpini wa mbao unaochongwa kufuata kiganja, wenye egemeo la chini ya mkono, hauna mpinzani. Mpini huohuo porini ni mzigo: haushikiki haraka, haukubali glavu, na hauruhusu mkono wa pili kufunga vizuri. Kwa uwindaji tumia mpini mwembamba kiasi, wenye mikwaruzo ya kutosha kushikika ukiwa na jasho au mvua, bila makali yanayochubua kiganja baada ya risasi hamsini.

Vilengeo

Hapa ndipo panapostahili fedha na muda zaidi. Kwa shabaha ya karatasi, vilengeo vyeusi kabisa visivyo na nukta wala rangi ndivyo bora, kwa kuwa jicho hulinganisha kingo kali na si madoa. Upana wa kilengeo cha mbele uwe karibu milimita 3.2, na pengo la nyuma liwe pana kiasi cha kuacha mwanga unaoonekana wazi pande zote mbili. Pengo jembamba mno hudanganya, kwa sababu jicho hudhani limelinganisha ilhali linakisia tu. Kilengeo cha nyuma kiwe kinachorekebishwa kwa skrubu juu, chini, kushoto na kulia.

Kwa kilengeo cha nyuma, sheria ni kukisogeza kule unakotaka risasi ziende; cha mbele husogezwa kinyume. Kiasi cha kusogeza hupatikana kwa kuzidisha kosa kwenye karatasi kwa umbali uliopo kati ya vilengeo viwili, kisha kugawanya kwa umbali wa shabaha. Tuseme vilengeo vimeachana kwa milimita 165, shabaha iko mita 25, na risasi zinaingia milimita 75 chini ya zinapotakiwa. Zidisha 75 kwa 165, gawanya kwa 25,000, utapata karibu milimita 0.5. Kilengeo cha nyuma kipandishwe nusu milimita, au cha mbele kipunguzwe kwa kiasi hichohicho. Hesabu hii ndogo pia inaonyesha kwa nini bastola ndefu ni rahisi kulenga: kadiri vilengeo vinavyoachana, ndivyo kosa lilelile la jicho linavyozaa kosa dogo zaidi kwenye karatasi.

Jambo ambalo wengi hulisahau wanapoitumia bastola moja kwa kazi zote mbili ni mahali pa kulenga. Mlengaji wa karatasi kwa kawaida huweka kilengeo chake chini ya duara jeusi, ili weusi wa kilengeo usimezwe na weusi wa shabaha, na hurekebisha vilengeo ili risasi iingie katikati. Duara jeusi la shabaha ya ISSF ya mita 25 ya kupiga taratibu lina kipenyo cha milimita 200. Maana yake ni kwamba bastola iliyorekebishwa hivyo hupiga angalau milimita 100 juu ya ncha ya kilengeo. Ichukue bastola hiyo porini, mlenge mnyama wa kimo cha wastani palepale unapotaka risasi iingie, na risasi itapita juu ya moyo na pengine juu ya mapafu. Bastola ya uwindaji lazima irekebishwe ipige pale ncha ya kilengeo inapogusa. Ukitumia kilengeo cha kubofya hatua kwa hatua, hesabu mibofyo kati ya mpangilio mmoja na mwingine, iandike, na uthibitishe kwa risasi kila unapobadili.

Kwa uwindaji pekee, kilengeo cha nukta nyekundu kinachofungwa juu ya slaidi ni msaada mkubwa, hasa kwa macho yaliyozidi umri wa kuona karibu, kwani jicho hubaki kwenye mnyama na nukta huelea juu yake. Ukubwa wa nukta hutajwa kwa dakika za pembe: dakika moja ni karibu milimita 7.3 kwa mita 25. Nukta ya dakika 3 hufunika milimita 22 kwa umbali huo, na ya dakika 6 hufunika milimita 44, ambazo kwa mita 50 zinakuwa karibu 87. Ya dakika 6 huonekana haraka, ya dakika 3 hupiga kwa usahihi zaidi. Kwa mwindaji anayepiga kutoka mahali palipotulia, naipendelea ya 3. Punguza mng'ao wake mpaka nukta ionekane bila kuchanua. Skrubu zake zikazwe kwa nguvu aliyoitaja mtengenezaji na zitiwe gundi ya kuzuia kulegea, kisha chora mstari mwembamba wa rangi unaovuka kichwa cha skrubu na mwili wa kilengeo. Mstari ukikatika, utajua skrubu imezunguka kabla hujakosa mnyama. Acha pia vilengeo vya kawaida vinavyoonekana kupitia kioo, kwa sababu betri huisha na mvua huziba kioo.

Risasi na springi

Bastola mbili za aina moja, zilizotoka kiwandani siku moja, zinaweza kupenda risasi tofauti. Jaribu aina nne au tano za risasi za kiwandani kwa utaratibu uleule wa mfuko wa mchanga kabla ya kubadili mtutu, maana mara nyingi tofauti kati ya risasi bora na mbaya ni kubwa kuliko tofauti kati ya mitutu.

Nishati nayo ihesabiwe kwa ukweli. Risasi ya .22 LR ya gramu 2.6 hutoka na karibu jouli 140. Ya .45 ACP ya gramu 14.9 hutoka na karibu jouli 480. Ya 10mm Auto ya gramu 13 inayotoka kwa mwendo wa mita 365 kwa sekunde ina karibu jouli 870. Hata hiyo kubwa ni ndogo ukiilinganisha na bunduki ya kawaida ya kuwindia, kwa hiyo kinachoua ni mahali risasi inapoingia na kina inachofikia. Kwa wanyama wenye mifupa mizito, kichwa cha risasi kigumu chenye ncha bapa hupenya vizuri. Kwa wepesi, kichwa kinachopanuka hufaa zaidi. Usitumie risasi za madini ya risasi tupu katika mtutu ambao mtengenezaji wake amezikataza, kama ilivyo mitutu ya kiwandani ya Glock yenye pembe badala ya mifuo ya kawaida (mistari iliyochongwa ndani ya mtutu ili kuizungusha risasi).

Springi inayorudisha slaidi lazima iendane na risasi uliyoichagua, na ndiyo maana haichaguliwi kabla yake. M1911 ya .45 kwa kawaida hutoka na springi ya karibu kilo 7.3. Wanaopiga risasi nyepesi za shabaha hushuka hadi karibu kilo 5.4, na bastola za 10mm hupanda hadi kilo 9 au zaidi. Slaidi isiyofunguka kabisa baada ya risasi ya mwisho, au ganda linalobanwa wima kwenye dirisha la kutolea, ni dalili kwamba springi ni nzito kuliko risasi. Maganda yanayorushwa mbali sana, pamoja na mgongo wa fremu unaoanza kuonyesha alama za kugongwa, ni dalili ya springi nyepesi au iliyochoka. Usipande kupita kiasi kwa kudhani unailinda fremu: springi nzito mno huirudisha slaidi kwa kishindo kinachoinamisha mdomo wa bastola na kuifanya iwahi mbele kabla magazini haijaisukuma risasi inayofuata juu vizuri. Springi za magazini nazo zibadilishwe, kwani kukwama kwingi huanzia humo.

Kifyatulio na mtutu

Kifyatulio kizuri kwa shabaha huachia kwa ghafla, bila kukwaruza, kwa uzito unaojulikana. Gramu 1,000 hadi 1,200 zinatosha uwanjani. Kwa uwindaji sishauri kushuka chini ya gramu 1,600, kwa sababu vidole vilivyopoa, glavu na mapigo ya moyo ya mtu aliyemwona mnyama hupunguza hisia, na kifyatulio chepesi huachia kabla ya wakati. Usafi wa kuachia una thamani kuliko wepesi. Kifyatulio cha gramu 1,800 kisichokwaruza hupigwa vizuri kuliko cha 1,200 kinachosita katikati.

Nyuso zinazoshikana kati ya nyundo na kizuizi chake ni ndogo mno, na anayezipiga msasa mezani kwake hujikuta na silaha inayoweza kufyatuka inapodondoshwa. Kazi hiyo ni ya fundi wa silaha. Unachoweza kufanya mwenyewe, pale sheria inaporuhusu, ni kufunga seti kamili iliyotengenezwa kwa bastola yako na kufuata maelekezo yake. Vyovyote iwavyo, baada ya kazi hiyo kagua kufuli zote za usalama bastola ikiwa tupu, kisha siku ya kwanza uwanjani pakia risasi moja tu, halafu mbili, kabla ya kujaza magazini. Bastola ikipiga risasi mbili kwa kuvutwa kifyatulio mara moja, isimamishe hapohapo, itoe risasi na uirudishe kwa fundi. Hiyo ni hitilafu ya hatari, na katika nchi nyingi kuwa nayo ni kosa la jinai.

Mtutu ubadilishwe ikiwa tu vipimo vyako vimeonyesha kwamba wa sasa ndio kikwazo. Ikiwa bastola tupu imefungwa na kidole gumba kinachokandamiza sehemu ya mtutu inayoonekana kwenye dirisha la kutolea maganda kinaufanya ushuke, mtutu haufungi vizuri, na matundu kwenye karatasi huelekea kutawanyika juu na chini. Mtutu mpya unaofungwa na fundi kwa kuchongewa slaidi hiyohiyo huliondoa tatizo hilo. Mtutu mrefu wa karibu milimita 150 huongeza mwendo wa risasi na huvipa nafasi vilengeo, nao ni faida ya kweli kwa mwindaji. Kipunguza mshtuko sikipendekezi porini: hupiga kelele na upepo kwa aliye pembeni, na hubadili uzito unaosogea kiasi cha kuhitaji springi nyingine.

Kuithibitisha

Bastola iliyorekebishwa haijamalizika mpaka ithibitishwe kwa risasi zilezile utakazowindia. Piga angalau mia mbili bila kukwama hata mara moja. Ikikwama, tafuta sababu, irekebishe, na uanze hesabu upya. Piga baadhi kwa mkono mmoja, baadhi ukiwa umepiga goti, baadhi ikiwa imeingia vumbi kidogo.

Kisha weka kipimo cha umbali. Risasi ya 10mm yenye mwendo wa mita 365 kwa sekunde, ikirekebishwa ipige katikati kwa mita 50, itaingia karibu sentimita 1.5 juu kwa mita 25, na karibu sentimita 8 chini kwa mita 75. Thibitisha namba hizi kwa bastola yako, maana kimo cha vilengeo na mwendo halisi hutofautiana. Umbali wako wa mwisho wa kuwinda ni ule ambao risasi zako zote, ukiwa katika mkao wa porini na si juu ya mfuko wa mchanga, zinaingia ndani ya sahani ya kipenyo cha sentimita 15. Kwa wengi umbali huo ni mfupi kuliko walivyotarajia, mara nyingi chini ya mita 50.

Mwisho, chagua mfuko wa bastola unaofunika kifyatulio kikamilifu na kuacha nafasi ya vilengeo vipya, na uvae kutwa nzima ukitembea, ukiinama na kukaa kabla ya siku ya kuwinda. Ukirudi, piga risasi tatu za kuhakiki kwa mita 25, linganisha na karatasi ya awali, na ukague ule mstari wa rangi kwenye skrubu.